Moto wa Redio: Historia ya Kulisha Muziki Ndani ya Gari

Redio ya gari ilisumbuliwa na umeme kabla haijasumbuliwa na sauti. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, nchini Marekani, gari la kawaida lilikuwa na betri moja ya volti 6, na betri hiyo haikuwekwa kwa ajili ya starehe. Iliingia garini kwa sababu ya stata ya umeme, ambayo Charles Kettering aliibuni na kampuni ya Cadillac ikaitia kwenye magari yake ya mwaka 1912. Ikabebeshwa pia taa na koili ya plagi. Muziki haukuwa katika hesabu ya mtu yeyote.

Redio za wakati huo zilitumia vali za kioo, na kila vali ilitaka umeme wa aina mbili. Ilitaka umeme mdogo wa kupasha joto utambi wake, na huo betri ya gari iliuweza. Ilitaka pia umeme wa volti 90 hadi 180 wa kuendesha sauti yenyewe, na huo betri ya gari haikuukaribia. Pengo hilo kati ya volti chache zilizopo na volti nyingi zinazotakiwa ndilo lililosukuma karibu kila badiliko katika muziki wa gari, kuanzia magari ya Chicago hadi matatu za Nairobi. Mara mbili limezibwa kwa mbinu ileile, ingawa kati ya mara ya kwanza na ya pili mbinu hiyo ilikuwa imeshatupwa.

Ufumbuzi wa kwanza ulikuwa wa nguvu tu. Mwenye gari alinunua betri kavu kadhaa, zikaunganishwa mfululizo mpaka volti zikatosha, kisha zikafungiwa kwenye kisanduku chini ya sakafu ya gari. Betri hizo hazikuchajika. Zikiisha zilitupwa, zikanunuliwa nyingine, na bei yake haikuwa ndogo. Redio yenyewe ilikuwa mzigo: ile ya Blaupunkt iliyotoka Ujerumani mwaka 1932, ambayo huhesabiwa kuwa redio ya kwanza ya gari iliyotengenezwa kwa wingi Ulaya, ilikuwa na uzito wa kilo 15 hivi, na bei yake ilifikia karibu theluthi ya bei ya gari dogo.

Hata baada ya umeme kupatikana, kulikuwa na adui ndani ya boneti. Plagi hutoa cheche, na cheche ni kituo kidogo cha redio kinachotangaza kelele kwenye masafa yote. Dainamo nayo, kwa brashi zake zinazosugua komutata, hutoa mkwaruzo wake. Antena ya gari ilinasa vyote hivyo pamoja na nyimbo. Mafundi wa kwanza wa redio za magari walitumia muda mwingi zaidi kuwinda kelele kuliko kufunga redio: walitia rezista kwenye kila waya wa plagi na kondensa kwenye dainamo, wakaunganisha boneti na bodi kwa kanda za shaba, kisha wakaliendesha gari na kusikiliza tena. Kazi ya kufunga redio moja ingeweza kumaliza siku nzima au zaidi.

Chicago ndiko mambo yalikobadilika. Tarehe 25 Septemba 1928, Paul Galvin na ndugu yake Joseph walisajili kampuni ndogo iliyoitwa Galvin Manufacturing Corporation. Bidhaa yao ya kwanza ilikuwa kifaa cha kuiwezesha redio ya nyumbani kutumia umeme wa ukutani badala ya betri. Kwa hiyo kabla ya kuwa watu wa redio, walikuwa watu wa kulisha redio, na hilo liliwafaa. Soko la kifaa chao lilipoanza kufa, kwa kuwa redio mpya za nyumbani zilikuja na kifaa hicho ndani yake, Galvin aligeukia magari. Mwaka 1930, akisaidiwa na William Lear na kijana Elmer Wavering, aliendesha Studebaker yake yenye redio hadi Atlantic City, ambako wafanyabiashara wa redio walikuwa na mkutano. Hakuwa na nafasi ya kuonyesha bidhaa ukumbini. Akaegesha nje, akafungulia sauti, na oda zikapatikana. Redio hiyo iliitwa Motorola, jina ambalo baadaye lilichukuliwa na kampuni nzima.

Kuna kisa kinachosimuliwa katika historia ya kampuni hiyo, kwamba Galvin, akiwa anatafuta mkopo, alimfungia meneja wa benki redio kwenye Packard yake, na muda mfupi baadaye gari likashika moto. Mkopo haukutoka. Kisa hicho huchekesha, lakini kwa fundi wa leo hakina ugeni: waya uliobeba zaidi ya uwezo wake, au uliochunika na kugusa bodi, hauulizi gari ni la nani. Mwaka 1930 katika jimbo la Massachusetts na mji wa St. Louis yalitolewa mapendekezo ya kuzuia redio garini, kwa hoja kwamba zingemvuruga dereva. Hayakwenda mbali. Inashangaza kidogo kwamba walioipinga redio waliogopa nyimbo na hawakuogopa nyaya.

Jawabu la kwanza la kweli kwa tatizo la volti lilifika mapema katika miaka ya 1930, nalo ni vibreta. Transforma inaweza kupandisha volti 6 hadi volti 200 na zaidi, lakini haifanyi kazi kwa mkondo mnyoofu unaotoka kwenye betri. Inataka umeme unaobadilika. Vibreta ilikuwa ulimi wa chuma uliotetemeshwa na sumaku ya umeme ndani ya kopo dogo, ukikata na kuunga mkondo mara zaidi ya 100 kwa sekunde. Umeme uliokatwakatwa ukaingia kwenye transforma, ukatoka ukiwa mkubwa, ukanyooshwa tena na vali maalumu, na redio ikapata volti zake bila betri kavu hata moja. Kampuni ya P. R. Mallory ya Indianapolis ilijipatia jina kwa vifaa hivyo. Kopo la vibreta lilitandikwa mpira ndani ili mtetemo usisikike, ingawa madereva wa enzi hizo waliujua mlio wake wa chinichini pale redio ilipowashwa na vali zikawa bado hazijapata joto.

Vibreta ilikuwa na udhaifu wa kila kitu kinachogongana: ncha zake ziliungua. Kondensa iliyowekwa kuzilinda ikiharibika, vibreta nayo ilikufa kwa haraka, na fundi aliyebadilisha vibreta peke yake alimwona mteja yuleyule tena baada ya muda mfupi. Pamoja na hayo, ilitawala kwa zaidi ya miaka 20, na iliwezesha redio kuwa kitu cha kawaida ndani ya gari. Ilichokuwa imefanya, hata hivyo, ni kulihamisha tatizo. Mzigo wote uliokuwa kwenye betri kavu sasa uliangukia betri ya gari, na nyuma ya betri kuna dainamo.

Betri ni mtungi, na dainamo ndiyo kisima. Redio ya vibreta ilivuta ampea 6 hadi 8, kiasi kisichoonekana kikubwa mpaka kilinganishwe na dainamo za wakati huo ambazo nyingi zilitoa ampea kumi na kitu tu. Tena utoaji wake ulipangwa kwa mkono, kwa kusogeza brashi ya tatu ndani ya dainamo: mtu aliyesafiri mchana alipunguza ili betri isichemke, na aliyesafiri usiku akiwa amewasha taa aliongeza. Redio na vipasha joto vya ndani ya gari viliiondoa mbinu hiyo. Kuanzia katikati ya miaka ya 1930 watengenezaji wa magari walitia regulata inayoangalia volti na kuongeza au kupunguza chaji bila mkono wa mtu. Madereva wengi hawakujua kwamba kifaa hicho kililetwa kwa sehemu kubwa na hamu ya kusikiliza nyimbo barabarani.

Polisi walikuwa na shida kubwa zaidi. Gari la doria lenye redio ya mawasiliano husimama muda mrefu injini ikizunguka polepole, na dainamo kwa mwendo huo haitoi karibu chochote. Kampuni ya Leece-Neville ya Cleveland ilianza katika miaka ya 1940 kuuza altaneta kwa ajili ya magari ya polisi, teksi na mabasi. Altaneta huzalisha mkondo geu, na wakati huo mkondo huo ulinyooshwa kwa sahani kubwa za seleniamu zilizohitaji nafasi na hewa ya kupoza. Kwa gari la mtu binafsi ilikuwa ghali na kubwa mno. Ikabaki kwa waliolazimika.

Mabadiliko matatu yaliyofuata yalikuja kwa kufuatana, ndani ya muda usiozidi miaka 10. La kwanza ni volti 12. Injini mpya za V8 zenye mgandamizo mkubwa zilikuwa ngumu kuzungushwa na stata ya volti 6, na vifaa vya umeme vilikuwa vimezidi. Cadillac, Oldsmobile na Buick zilihamia volti 12 mwaka 1953, Chevrolet mwaka 1955, Ford na Chrysler mwaka 1956. Hesabu yake ni nyepesi: volti zikiongezeka maradufu, ampea za kazi ileile hupungua nusu, na joto linalopotea kwenye waya uleule hupungua hadi robo. Magari mengine yalichelewa. Volkswagen ya kobe iliendelea na volti 6 hadi katikati ya miaka ya 1960.

La pili ni transista, kifaa kinachofanya kazi kwa volti zilezile za betri bila kupandishwa. Chrysler na Philco walitangaza mwaka 1955 redio ya gari isiyo na vali hata moja, ikauzwa kwa dola 150 kama nyongeza kwenye magari ya Chrysler na Imperial ya mwaka 1956. Delco, tawi la General Motors lililokuwa Kokomo katika jimbo la Indiana, likafuata na yake ndani ya Cadillac Eldorado Brougham ya mwaka 1957. Kati ya hapo zilitengenezwa redio chotara: vali za pekee zilizotosheka na volti 12, na transista moja kubwa ya kusukuma spika. Vibreta na transforma yake havikuwa na kazi tena, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 vilitoweka kwenye redio mpya. Redio iliyokuwa ikivuta ampea 7 sasa ilivuta moja au mbili.

La tatu ni altaneta ya kila mtu. Diodi za silikoni, ndogo na za bei nafuu, ziliziondoa zile sahani za seleniamu, na Chrysler akaitia altaneta kwenye Valiant ya mwaka 1960. Elmer Wavering, yule kijana wa Chicago ambaye sasa alikuwa kiongozi ndani ya Motorola, alihusika sana kuzieneza. Ubora wa altaneta hauko kwenye ukubwa wa umeme peke yake. Inachaji hata gari likiwa limesimama kwenye foleni na injini ikizunguka polepole, na hilo ndilo lililoyaruhusu magari ya baadaye kubeba kila kitu yanachobeba.

Afrika Mashariki ilipokea mabadiliko haya kwa kuchelewa na kwa mchanganyiko, kwa sababu magari yake mengi yalitoka Uingereza. Gari la Kiingereza la miaka ya 1950 lilikuwa na dainamo ya Lucas, aina ya C40 kwa mfano ikitoa ampea 22 hivi, na upande chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi. Kwa redio ya vibreta jambo hilo halikuwa kubwa. Kwa redio ya transista lilikuwa kifo cha papo hapo: ukiifunga kinyume, transista huungua kabla ya wimbo kuanza. Redio nyingi za Kiingereza za miaka ya 1960 ziliwekewa swichi ya kuchagua upande, na katika muongo huohuo watengenezaji wa Uingereza wakahamia kwenye bodi hasi kama wengine.

Kaseti ndogo ya Philips, iliyotoka mwaka 1963 na kuingia garini miaka michache baadaye, iliondoa kizuizi cha mwisho kwa msikilizaji: sasa alichagua mwenyewe nyimbo zake. Mara alipochagua nyimbo akaanza kuchagua na ukubwa wake, na hapo volti 12 zikafika ukutani. Spika ya kawaida ya gari ina omu 4. Altaneta ikichaji, mfumo una volti 14 hivi, na amplifaya rahisi inaweza kuisukuma spika kwa volti 7 tu kwenda huku na 7 kwenda kule. Ukipiga hesabu unapata wati 6. Wahandisi wakatumia amplifaya mbili kwa spika moja, moja ikisukuma na nyingine ikivuta, ili volti zote 14 zitumike. Wati zikapanda hadi 24. Hapo ndipo mwisho. Redio ya dashibodi inayoandikwa wati 50 mara 4 kwenye boksi haiwezi kutoa hizo kwa mfululizo bila sauti kukwaruza, kwa sababu betri iliyo nyuma yake haina volti za kuzitoa. Ni tangazo lililozoeleka mno hata wanunuzi hawalihoji.

Kutoka hapo kulikuwa na njia mbili: kupunguza omu za spika, jambo linaloongeza ampea na joto, au kupandisha volti. Katika miaka ya 1970 watengenezaji wa Marekani, akiwemo Jim Fosgate aliyeanzisha kampuni yake Arizona mwaka 1973, walianza kuuza amplifaya za nje za kufichwa kwenye buti au chini ya kiti. Kilichomo ndani yake kingemfurahisha fundi wa mwaka 1935. Umeme wa betri hukatwakatwa, huingia kwenye transforma, hutoka ukiwa mkubwa, hunyooshwa, kisha hulisha sehemu ya sauti. Ni vibreta iliyorudi. Ulimi wa chuma umebadilishwa na transista zinazokata mkondo maelfu ya mara kwa sekunde, na kwa sababu ya kasi hiyo transforma imekuwa pete ndogo ya kutosha kiganjani. Volti 14 huwa 30 au 40 kila upande, na wati mamia kadhaa zikawezekana.

Kama mara ya kwanza, tatizo lilihamia nyuma. Amplifaya ya wati 1,000 ya aina ya zamani hutumia vizuri kidogo zaidi ya nusu ya umeme inaoupokea, na uliobaki huwa joto. Ikisukumwa hadi mwisho inavuta ampea 130 hivi. Zile za kizazi kipya, zinazoitwa daraja D, huhitaji ampea 85 kwa kazi ileile. Muziki haupigi kwa nguvu zote wakati wote, kwa hiyo wastani ni mdogo zaidi, lakini besi inapogonga mvuto huo ni wa kweli, na altaneta nyingi za magari madogo hutoa ampea 60 hadi 100 injini ikiwa na kasi, na sehemu tu ya kiasi hicho kwenye foleni. Kinachopungua huchotwa kwenye betri. Volti hushuka kutoka 14 hadi chini ya 12, na taa za mbele huanza kufifia kwa kufuata ngoma. Madereva wengi walidhani dalili hiyo ni ya betri mbovu, wakanunua betri ya pili, na baada ya wiki chache wakawa na betri mbili zisizojaa.

Nairobi ndiko mambo haya yalikopata ukubwa ambao Chicago haikuuwaza. Matatu zilianza kama magari chakavu ya kubeba watu bila leseni, na mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu kufanya kazi bila leseni za usafiri zilizotakiwa wakati ule. Ushindani wa abiria ukazaa ushindani wa muziki. Katika miaka ya 1990 manyanga, yaani matatu zilizopambwa, zilijulikana mjini kwa spika zake kabla hazijaonekana kwenye kona, na kijana aliyekuwa na nauli mkononi angeweza kuziacha matatu kadhaa zipite akiingojea yenye besi nzuri. Muziki ulikuwa sehemu ya biashara, na umeme wa kuulisha ukawa kazi kamili ya mafundi wa Grogan na mitaa mingine ya jua kali.

Magari yenyewe yalikuwa yametoka Japani, mengi yakiwa yameshatumika, na yalikuja na mtihani wake. Redio za Japani zilitengenezwa kwa masafa ya FM ya megahezi 76 hadi 90, ilhali stesheni nyingi za Afrika Mashariki ziko juu ya 90. Redio ya kiwandani ikawa kitu cha kwanza kung'olewa. Fundi aliyekata soketi na kuunga nyaya kwa mkono alipaswa kujua kwamba waya wa njano wa redio mpya hukaa na umeme daima ili kutunza saa na stesheni, na mwekundu huupata pale ufunguo unapozungushwa. Akizifunga zote mbili kwenye umeme wa daima, redio haizimiki ufunguo unapotolewa. Mvuto wa ampea 0.2 tu humaliza karibu ampea-saa 5 kwa siku, na betri ndogo ya ampea-saa 45 haiwezi kuzungusha stata baada ya wiki moja ya kuegeshwa.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja na minibasi zilizojengwa juu ya chasi za lori ndogo kama Isuzu NQR, ambazo zimekuwa vinara wa muziki wa matatu katika miaka ya karibuni. Matatu ndogo za Hiace zina volti 12. Lori hizi zina 24, zinazopatikana kwa betri mbili za volti 12 zilizofuatana, na karibu vifaa vyote vya muziki vinataka 12. Njia ya mkato ni kutoa waya katikati ya betri mbili na kulisha amplifaya kutoka kwenye betri ya chini peke yake. Inafanya kazi siku hiyohiyo, ndiyo maana imeenea. Lakini altaneta haijui kuna betri mbili. Inaona volti 28 kwa jumla na inaridhika. Betri ya chini, inayochotwa mchana kutwa, hubaki na volti 12 au pungufu. Ya juu husukumiwa 15 hadi 16, maji yake huchemka, sahani zake hukauka. Ndani ya miezi zinakufa zote, moja kwa njaa na nyingine kwa kushibishwa kupita kiasi. Dawa ni kibadilishi cha volti 24 kwenda 12 chenye ampea za kutosha, au kifaa cha kusawazisha kinachohamisha chaji kati ya betri mbili. Vyote vina bei, na mwenye gari hulinganisha bei hiyo na ile ya betri jozi moja. Kwa gari linalopiga muziki kuanzia alfajiri hadi usiku, hesabu huegemea upande wa kibadilishi bila shaka yoyote.

Nyaya ni sura yenye maafa mengi kuliko zote, kwa sababu waya mbaya na mzuri hufanana kwa nje. Shaba ya milimita 4 za mraba, ikienda mita 5 kutoka betri hadi nyuma, ina ukinzani wa omu 0.0215. Ampea 100 zikipita hapo hupotea volti 2.15 na huzaliwa joto la wati 215 ndani ya waya wenyewe, kama pasi iliyofichwa chini ya zulia. Kwa milimita 25 upotevu ni volti 0.34. Soko lilipojaa nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu, unene wa nje uliacha kuwa kipimo: alumini inapitisha umeme vibaya zaidi, na plastiki nene huficha nyuzi chache. Fyuzi nayo mara nyingi hueleweka kinyume. Kazi yake ni kuulinda waya, wala si amplifaya, kwa hiyo mahali pake ni jirani na betri, mafundi makini wakihesabu si zaidi ya sentimita 45. Fyuzi iliyowekwa nyuma karibu na amplifaya huacha mita 5 za waya zikiwa na nguvu yote ya betri bila mlinzi, na bodi ya chuma ikichuna plastiki mahali popote hapo katikati, yatatokea yaleyale ya Packard ya meneja wa benki.

Njia ya kurudi hudharauliwa zaidi kuliko ya kwenda. Umeme wote uliokwenda nyuma lazima urudi kwenye betri kupitia chasi, na skrubu iliyofungwa juu ya rangi au kutu huuzuia kama waya mwembamba. Ukanda kati ya injini na chasi ukioza, mkondo hutafuta kwingine, hata kupitia ngao ya nyaya za sauti. Ndipo husikika mluzi unaopanda na kushuka pamoja na kasi ya injini. Wengi huilaumu altaneta. Mara nyingi kosa ni kwamba redio na amplifaya zimeshika hasi mahali pawili penye tofauti ndogo ya volti, na tofauti hiyo inasomwa kama sauti. Uwindaji wake haujabadilika sana tangu siku za kanda za shaba kwenye boneti.

Kapasita kubwa ya faradi 1, yenye taa za kumeta na tarakimu za volti, ilipata umaarufu mkubwa kuliko msaada wake. Volti zikishuka kutoka 14 hadi 12, kapasita hiyo hutoa juli 26. Amplifaya inayovuta wati 1,000 huzimaliza katika sehemu ya arobaini ya sekunde. Inaweza kulainisha kilele kifupi cha ngoma. Haiwezi kuziba altaneta ndogo. Waliobadilisha altaneta, na pamoja nayo nyaya tatu nene za kutoka altaneta kwenda betri, betri kwenda chasi na injini kwenda chasi, waliziona taa zikitulia.

Serikali ya Kenya iliingia kwa mlango mwingine. Kanuni za Waziri John Michuki, zilizoanza kutumika Februari 2004, zilileta mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa njano, na manyanga zikapoa kwa muda. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zikaweka mipaka ya sauti yenyewe. Hakuna iliyosema lolote kuhusu unene wa waya au mahali pa fyuzi, ingawa ndiyo yanayoweza kuliunguza gari lenye abiria 33. Baadaye, serikali ilipozilegezea matatu masharti ya michoro mwaka 2014, mzigo wa umeme uliongezeka tena: skrini kila kiti, taa za rangi sakafuni, intaneti, na besi nyuma.

Mabasi ya umeme yaliyoanza kubeba abiria Nairobi mwaka 2022 hayana altaneta kabisa. Betri yao ya kusukuma gari ina mamia ya volti, na kibadilishi huziteremsha hadi 24 kwa ajili ya taa, wipa na redio. Anayetaka muziki mkubwa humo hutumia kibadilishi cha pili kufikia 12, kisha amplifaya huzipandisha tena hadi 40 kabla ya kuifikia spika. Kikomo si tena kasi ya injini kwenye foleni, bali ni ampea ambazo kile kibadilishi cha kwanza kinaweza kutoa, na kila wati inayokwenda kwenye besi hutolewa kwenye kilomita ambazo basi lingesafiri kabla ya kurudi kuchajiwa.